Mkwaruzo wa zamani kwenye rupia ya Mjerumani: namna ya kuukagua kabla hujataja bei

Bibi alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akaitoa rupia na kuiweka mezani. Ilikuwa ya kampuni ya Kijerumani, ya mwaka 1891, nyeusi kama chetezo, na mstari mmoja mrefu ulipita shavuni mwa Kaisari kuanzia chini ya kofia hadi kwenye sharubu.

"Mjukuu wangu anataka kuisugua kwa jivu na limau huo mstari ufutike," akasema. "Nikamwambia subiri, nikamuulize anayezijua."

"Bibi, kwa hilo neno la subiri umeshaokoa nusu ya bei."

Alinitazama kama mtu anayedhani anabembelezwa. Basi nikamkalisha, nikampa lenzi, nikamwonyesha hatua kwa hatua. Haya ndiyo niliyomwonyesha, na mengine niliyoyakumbuka baada ya yeye kuondoka.

1. Ijue sarafu kwanza, mkwaruzo baadaye

Mkwaruzo mmoja unaweza kuiua sarafu hii na usiidhuru ile. Kwa hiyo anza kwa kujua umeshika nini. Katika masanduku ya pwani yetu, sarafu za zamani za fedha zinazojitokeza mara nyingi ni hizi:

Rupia ya kampuni ya Kijerumani, iliyotolewa kati ya 1890 na 1902. Upande mmoja ana Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai, upande wa pili simba na mnazi. Uzito wake ni gramu 11.66, fedha yake ni sehemu 917 kwa 1000, kipenyo milimita 30. Zipo pia nusu na robo, na ipo ya rupia mbili ya 1893 na 1894, ambayo ni adimu. Kuanzia 1904 serikali ya koloni ilitoa rupia zake yenyewe, na rupia moja ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64, majina ya sarafu zake ndogo.

Reali ya Maria Theresa, ile kubwa yenye mama mnene aliyejitanda ushungi. Gramu 28.07, fedha 833 kwa 1000. Zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, hata zile zilizopigwa karne ya 20 huko Vienna, London, Roma au Bombay. Mtu akikuambia yake ina miaka zaidi ya mia mbili kwa sababu imeandikwa 1780, mwitikie kwa adabu tu.

Halafu kuna rupia ya Mombasa ya 1888, ya kampuni ya Waingereza, na rupia za Kihindi za Malkia Victoria. Ukibahatika sana utaona reali ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882.

Pima uzito kwa mizani ndogo ya sonara, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Rupia iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo chini ya 11.66. Ikipungua gramu nzima, sahau habari ya mkwaruzo, maana una tatizo kubwa zaidi. Weka na sumaku karibu. Fedha haivutwi.

2. Taa moja, na mkono unaozungusha

Shika sarafu kwa ukingo, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule. Kaa juu ya kitambaa laini au mto, ikikuponyoka isiangukie sementi. Nimeona mkwaruzo mpya ukizaliwa wakati wa kukagua wa zamani.

Zima taa ya dari. Mwanga wa dari hutoka juu moja kwa moja na kuficha kila kitu. Washa taa moja ya mezani, ije kutoka ubavuni, kisha izungushe sarafu polepole kama unavyogeuza kikombe cha kahawa ukitafuta ufa. Mkwaruzo utawaka ghafla katika pembe moja na kuzimika katika nyingine. Mistari myembamba ya kusuguliwa, ile ambayo jicho tupu haioni, nayo hujitokeza hapo kwa makundi kama nywele za panya.

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha. Ya mara 30 itakutia hofu bure, kwa sababu kila kitu chini yake kinaonekana kama barabara ya vumbi.

3. Ni mfereji au ni tuta?

Swali hili wengi hawaliulizi, na jibu lake linaweza kuiokoa sarafu. Mkwaruzo wa kweli ni mfereji: kitu kigumu kimepita juu ya sarafu na kuondoa au kusukuma madini. Lakini kuna mistari iliyoinuka juu ya uso, na hiyo haikutokana na mtumiaji. Muhuri wa kiwandani ulisuguliwa au ulikwaruzwa kabla ya kupiga sarafu, na alama ya shimo kwenye muhuri hutoka ikiwa tuta kwenye sarafu. Hiyo si dosari ya matumizi, na haipunguzi daraja, yaani kipimo cha hali ya sarafu, kwa namna ileile.

Kwenye sarafu za karne ya 18 kuna kisa kingine. Kiwandani, kidonge cha fedha kikizidi uzito kilipigwa tupa kabla ya kugongwa muhuri. Tupa huacha mistari iliyopangana sambamba, mara nyingi karibu na ukingo au katikati, na picha iliyogongwa juu yake huilalia hiyo mistari na kuibana. Ukiona maandishi yamepita juu ya mistari, bila mistari kuyakata maandishi, huo ni mkono wa kiwanda. Mkwaruzo wa baadaye hukata kila kitu kilichoko njiani, herufi na uso pamoja.

4. Umri wa mkwaruzo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipokaa na bibi muda mrefu.

Mtu aliyewahi kulima anajua: jembe likipita, udongo hulala pembeni ukawa tuta. Mkwaruzo ni vilevile. Ukiwa mpya, kando ya mfereji kuna kijituta cha fedha kilichosukumwa, kikali, kinachokwama kidogo ukipitisha kitambaa. Chini yake madini ni meupe na yanametameta, wakati sehemu zote zinazouzunguka ni za kijivu au nyeusi. Mkwaruzo wa aina hiyo ni wa juzi, hata kama sarafu ina miaka mia na thelathini.

Mkwaruzo wa zamani huonekana tofauti. Fedha huwa nyeusi kwa sababu ya salfa iliyomo hewani, na weusi huo hauchagui. Huingia mferejini kama unavyoingia mahali pengine. Kwa hiyo chini ya mkwaruzo wa zamani rangi ni ileile ya pembeni, au nyeusi zaidi kwa sababu uchafu hutulia humo. Vile vijituta vya kando navyo vimelainika, vimesagwa na vidole, mifuko na sarafu nyingine zilizogusana nayo kwa miaka. Ukizungusha taa, mfereji hauwaki. Unabaki kivuli tu.

Wa bibi ulikuwa hivyo hasa. Shavu limekolea weusi, mstari umekolea vilevile, na kingo zake laini. Mtu fulani aliukwaruza wakati rupia bado inatembea sokoni, kisha ikatembea miaka mingine mingi.

Sasa jihadhari. Kuna wanaoujua mtindo huu na kuuvisha mkwaruzo mpya uzee kwa salfa ya dukani au kwa kuifungia sarafu pamoja na yai la kuchemsha. Angalia rangi. Uzee wa kweli hupanda taratibu na kuenea, mara nyingi una tabaka: kahawia ya dhahabu, kisha zambarau, kisha buluu, mwisho mweusi. Wa kupikwa hukaa mferejini peke yake kama wino uliomwagika, au hubadilika ghafla bila kupita rangi za kati.

5. Chungulia ndani ya mfereji

Kabla hujausikitikia mkwaruzo mrefu, utumie. Ni dirisha. Kama sarafu ni ya shaba nyekundu au shaba nyeupe iliyovikwa fedha juu, chini ya mfereji utaona wekundu wa shaba au njano ya shaba nyeupe. Wafanyabiashara wa zamani walikata sarafu kwa makusudi, kipande kidogo ukingoni, ili wajue ndani kuna nini. Mkato kama huo kwenye reali ya Maria Theresa ni dosari ya daraja, lakini pia ni ushahidi kwamba mtu alishaijaribu na akaipokea.

Kuna mikwaruzo mingine ambayo hunikasirisha. Nimeletewa rupia zilizokwanguliwa kwa ncha ya kisu na vijana waliosikia vijiweni kwamba Mjerumani alificha zebaki ndani yake. Ndani ya rupia kuna fedha na shaba kidogo, basi. Baada ya kisu kupita, hata huo uzuri uliokuwepo umekwenda.

6. Umepita wapi?

Chora msalaba wa kufikirika juu ya sarafu, utazame macho ya mnunuzi yanapotua kwanza. Hutua usoni: shavu, pua, jicho. Kisha hutua kwenye sehemu tupu mbele ya uso, pale ambapo hakuna picha ya kuficha lolote. Mkwaruzo uliokaa hapo unauma kuliko wote.

Upande wa simba ni mpole zaidi. Makuti ya mnazi yana mistari mingi, na mkwaruzo mdogo hupotea humo kama sindano kwenye ukili. Kwenye reali ya Maria Theresa, manyoya ya tai wa upande wa pili humeza kila kitu, wakati bega na kifua cha malkia, vile vilivyo vipana na laini, huonyesha hata alama ya sarafu jirani iliyokuwa naye kwenye gunia. Alama hizo za kugongana guniani si mikwaruzo kwa maana ya dosari nzito. Zinahesabiwa ndani ya daraja la kawaida.

Herufi za mtu aliyechora jina lake? Hizo ni mbaya kuliko mkwaruzo wa bahati mbaya wa urefu uleule. Tundu la mkufu au alama ya kulehemu kitanzi cha kidani ni jambo jingine kabisa, na pwani yetu ilivaa sarafu nyingi shingoni, kwa hiyo kagua ukingo juu ya kichwa kila mara.

7. Toa daraja mara mbili

Kwanza ziba mkwaruzo kwa akili, uipe sarafu daraja kana kwamba haupo. Kipimo kinachotumika duniani kinaanza 1 hadi 70, kilitokana na William Sheldon wa Marekani mwaka 1949. Unachotazama ni kulika. Kwenye rupia ya Kaisari, mabawa ya tai juu ya kofia huanza kulika mapema, na upande wa pili kichwa cha simba na manyoya yake ya shingoni. Manyoya yakiwa bado yanaonekana uzi kwa uzi, na kuna mng'aro kwenye makutano ya herufi, uko juu, karibu na 50. Ukiona umbo la simba tu bila manyoya, uko chini ya 20.

Kisha rudisha mkwaruzo. Kwenye sarafu iliyolika sana, mkwaruzo mwepesi wa zamani haubadilishi kitu, kwa sababu ni sehemu ya maisha ileile iliyoilisha. Kwenye sarafu ambayo haijatumika, mkwaruzo uleule ni kama doa kwenye kanzu ya Idi.

Kampuni mbili za Marekani zinazoaminika kwa kupima sarafu na kuzifungia kwenye visanduku vya plastiki, PCGS na NGC, zina mpaka. Mkwaruzo mwepesi na wa zamani unaweza kupita na sarafu ikapewa namba yake, labda pointi chache chini. Ukiwa mzito au mpya, hawatoi namba kabisa. Kisanduku kitasema hali ya kulika kwake tu na kutaja kwamba imekwaruzwa. PCGS hutumia alama ya 95 kwa mkwaruzo na 92 kwa iliyosafishwa vibaya, lakini hizo hutaja dosari, si daraja. Sarafu isiyo na namba huuzwa, ila kwa watu wachache zaidi. Usitume rupia ya kawaida huko. Gharama ya kutuma na kupima itaila bei yote.

8. Sasa bei

Anza na sakafu: thamani ya fedha yenyewe. Rupia ina gramu 10.69 za fedha safi, zaidi kidogo ya theluthi moja ya wakia ya sonara, ambayo ni gramu 31.1. Reali ya Maria Theresa ina gramu 23.39, robo tatu ya wakia. Tafuta bei ya fedha ya leo, zidisha, umepata kiwango ambacho hupaswi kuuza chini yake, hata sarafu ikiwa imekwaruzwa kama mlango wa gereji.

Juu ya sakafu ndipo mkwaruzo unakatia. Mimi mwenyewe hufanya hivi, na mwingine anaweza kufanya tofauti. Mwepesi, wa zamani, uliojificha kwenye makuti au nguo: nashusha asilimia 5 hadi 10. Wa zamani unaoonekana kwenye sehemu tupu: 20 hadi 30. Wa zamani usoni: theluthi, wakati mwingine nusu. Mpya na wenye kina, popote ulipo: nusu au zaidi, na mara nyingi inaishia kwenye sakafu.

Lakini hesabu hii inageuka kulingana na uadimu. Reali ya kawaida ya Maria Theresa iliyopigwa karne ya 20 iko karibu na bei ya fedha tayari, kwa hiyo mkwaruzo hauna pa kuishushia. Rupia ya kawaida ya mwaka unaopatikana sana ndiyo huumia kupita zote: mnunuzi ana nyingine kumi safi za kuchagua, kwa nini achukue yenye alama? Rupia mbili ya 1894, au reali ya Barghash, haina hizo kumi. Mnunuzi atanung'unika, atataja mkwaruzo mara tatu ili ushuke, kisha atalipa. Ushuke kidogo, usishuke sana.

9. Usiuguse

Huwezi kuujaza mfereji. Njia pekee ya kufuta mkwaruzo ni kuondoa madini ya pembeni mpaka yafike chini yake, yaani kusawazisha, na hapo unafuta pua, shavu na daraja pamoja. Jivu, limau, magadi, dawa ya meno, mchanga mwembamba: vyote huacha ile mistari ya nywele za panya, na vyote huondoa ule weusi uliochukua miaka mingi kujengeka. Halafu, na hili ndilo chungu, ukisafisha sarafu mkwaruzo wa zamani hugeuka mpya machoni. Ule ushahidi wa umri niliousema hatua ya nne umeoshwa.

Nilifanya hivyo nikiwa kijana, kwenye nusu rupia ya mjomba wangu. Iling'aa kweli. Ninayo bado, kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Sonara akikuambia anaweza kuulehemu mkwaruzo usionekane, mshukuru, chukua sarafu yako. Yeye anajua fedha, ila hicho si kidani.

Kinachoruhusiwa ni kidogo. Kama sarafu ina utando wa kijani unaonata kutoka kwenye plastiki mbovu, loweka kwenye asetoni safi ya maabara, mbali na moto na penye upepo, kisha itoe na uiache ikauke yenyewe. Usitumie ile ya kufutia rangi ya kucha yenye manukato. Ikiwa na udongo tu, maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke yanatosha. Kausha kwa kugusisha kitambaa, bila kufuta.

10. Picha na maelezo ya kuuza

Piga picha mbili kwa kila upande: moja kwa mwanga wa dirisha saa kumi jioni, nyingine kwa taa ya ubavuni katika ile pembe ambayo mkwaruzo unaonekana vibaya zaidi. Ndiyo, vibaya zaidi. Mnunuzi wa mbali akiuona kwenye picha atapunguza kidogo. Akiugundua bahasha ikifika, atairudisha na hatanunua kwako tena.

Andika waziwazi, kwa mfano: "Rupia 1891, gramu 11.52, haijasafishwa, mkwaruzo mmoja wa zamani uliokwisha kukolea rangi kwenye shavu, ukingo hauna alama ya kulehemu." Maneno "haijasafishwa" na "uliokolea rangi" ndiyo yanayolipa.

Kama mnunuzi yuko nje ya nchi, uliza kwanza kibali. Kenya, kwa sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, huhesabu kitu cha kale kuwa ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo rupia ya Mombasa ya 1888 imo ndani, na kusafirisha kunataka ruhusa. Tanzania nayo ina sheria ya mambo ya kale tangu 1964. Idara husika watakueleza inagusa nini.

Bibi hakuuza siku ile. Nilimpa kibahasha cha karatasi isiyo na tindikali, nikamwambia asiirudishe kwenye fundo la kanga, kwa sababu jasho na chumvi huongeza doa, wala asiiweke kwenye mfuko laini wa plastiki unaonuka kama pazia jipya la bafuni. Iwekwe mahali pakavu, na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya kandoni. Mjukuu alikuwa anamsubiri nje kwenye pikipiki. Nilimsikia akiuliza, "Bibi, kasema tuisugue na nini?"

"Kasema uninunulie bahasha nyingine kama hii," akajibu. "Zimebaki mbili ndani ya sanduku."